Mbunge akiinua mkono kwa ajili ya vita, anakubali nini?

*Kutoka Yahuma hadi Kinshasa, wananchi wanaombwa kuunga mkono jeshi. Historia ya Kongo na ya majirani inaonyesha kwamba kura ya Bunge ina maana pale tu inapotaja adui, muda, feza na siku ya kutoa hesabu.*

Tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka wa 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Raisi Félix Tshisekedi alifanya mkutano wake wa mwisho wa kampeni mjini Kinshasa. Aliuambia umati kwamba Rwanda ikiendelea na uchokozi, ataita mabunge yote mawili yakutane pamoja na ataomba ruhusa ya kutangaza vita. Umati ulishangilia.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, ambao kwa maelezo ya Umoja wa Mataifa wanasaidiwa na jeshi la Rwanda. Katikati ya mwezi wa pili, Bukavu ikafuata. Kinshasa ilikata uhusiano wa kibalozi na Kigali. Tarehe 21 mwezi huo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2773 linalodai M23 waondoke na jeshi la Rwanda lirudi kwao. Lakini ile siku ya wabunge na maseneta kukaa pamoja na kupiga kura ya vita haikufika. Watu wanapigana, wanakufa, wanakimbia, na kisheria Kongo haijatangaza vita juu ya mtu yeyote.

Kwa mkaaji wa Yahuma, teritware ya misitu iliyo magharibi ya jimbo la Tshopo, jambo hilo linaweza kuonekana kuwa la watu wa mbali. Mapigano yako Kivu. Huku watu wanahangaika na muhogo, mpunga, mawese na barabara mbovu ya kupeleka mazao yao sokoni. Hata hivyo Yahuma ina mwakilishi wake kwenye Palais du Peuple. Siku akiinua mkono kuunga mkono operesheni ya kijeshi, atakuwa ameuinua pia kwa niaba ya watu wa Yahuma. Vijana wanaojiandikisha jeshini wanatoka katika vijiji kama vya huku. Feza za risasi na mishahara zinatoka kwenye sanduku lile lile linalongojewa kutengeneza barabara na kulipa walimu.

Na vita si vya mbali kama tunavyofikiri. Tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka wa 2025, M23 waliingia Walikale-centre, kwenye njia inayopitia Lubutu hadi Kisangani. Waliondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, lakini kwa muda wa wiki mbili swali lilikuwa moja tu katika jimbo lote: je, watafika kwetu?

Milango mitatu ya Katiba

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 2006 iliandikwa na watu waliotoka katika vita viwili, vya 1996 na vya 1998. Hawakutaka mtu mmoja peke yake awe na ufunguo wa vita. Kifungu cha 86 kinampa Raisi uwezo wa kutangaza vita, lakini kifungu cha 143 kinaweka milango mitatu mbele yake. Kwanza, amri yake ijadiliwe katika baraza la mawaziri. Pili, asikilize maoni ya Baraza kuu la ulinzi. Tatu, apate ruhusa ya Bunge la taifa na ya Seneti. Kifungu cha 119 kinasema mabunge hayo mawili yatakaa pamoja, kikao kinachoitwa Kongre. Baada ya hapo Raisi analijulisha taifa kwa ujumbe.

Kifungu cha 143 kinaongeza jambo ambalo watu wengi hawalikumbuki: haki na kazi za raia wakati wa vita, au wakati nchi imevamiwa, zinapaswa kuwekwa na sheria. Maana yake ni kwamba hata nyumba inapowaka moto, mwananchi anapaswa kujua anachoombwa na anacholindwa nacho.

Lakini milango hiyo mitatu iko kwenye nyumba ambayo ina mlango mwingine wa nyuma. Katiba inasema wazi kuhusu kutangaza vita. Haisemi wazi hivyo kuhusu kuita jeshi la nchi rafiki lije kupigana upande wetu. Kifungu cha 213 kinaruhusu serikali kufunga makubaliano yasiyohitaji kuidhinishwa kwa sheria, kisha kulijulisha Bunge. Kuna tofauti kubwa kati ya kuomba ruhusa na kujulisha. Anayeomba ruhusa anaweza kukataliwa. Anayejulisha ameshaamua.

Majeshi mengi ya kigeni yaliyokuja kupokonya silaha maadui wa Kongo katika miaka ya karibuni yalikuja kwa makubaliano ya viongozi na viongozi. Kura ya wabunge wetu haikuwa sehemu kubwa ya safari yao.

Spika aliyesikia habari kama wananchi wengine

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka wa 2009. Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka huo, maelfu ya askari wa Rwanda walivuka mpaka na kuingia Kivu ya Kaskazini kwa makubaliano na serikali ya Raisi Joseph Kabila. Operesheni iliitwa Umoja Wetu, na lengo lilikuwa kupokonya silaha wapiganaji wa FDLR. Ilidumu karibu wiki tano na kumalizika tarehe 25 mwezi wa pili.

Vital Kamerhe, wakati ule spika wa Bunge la taifa na mtu wa chama kilichotawala, alisema kwenye Radio Okapi kwamba hakuwa amejulishwa, na kwamba ikiwa habari hiyo ni ya kweli basi ni jambo zito. Hakusema FDLR waachwe. Aliuliza tu jinsi jeshi ambalo miaka michache kabla lilikuwa adui lingeweza kuingia bila wawakilishi wa wananchi kujua. Kwa swali hilo alisukumwa na chama chake mwenyewe, na tarehe 25 mwezi wa tatu alijiuzulu. Évariste Boshab akachukua kiti chake.

Na FDLR je? Baada ya Umoja Wetu ilifuata operesheni Kimia II. Wapiganaji walilipiza kisasi kwa raia. Huko Busurungi, teritware ya Walikale, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 mwezi wa tano mwaka wa 2009, waliua raia wasiopungua 96 kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch. Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 27 mwezi wa sita mwaka wa 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi makubaliano mjini Washington. Moja ya mambo makubwa ndani yake ilikuwa tena kuwamaliza nguvu FDLR. Kazi ambayo ilitajwa kuwa ya wiki chache ilikuwa bado mezani.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba kura ya Bunge ingebadilisha matokeo ya Umoja Wetu. Lakini mjadala ungelazimisha mtu mmoja wa serikali asimame mbele ya wabunge wa Walikale, Masisi na Rutshuru na kujibu: askari hao wakirudi kwao, nani atabaki kulinda vijiji? Swali hilo halikuulizwa mahali linapopaswa kuulizwa. Jibu lilitolewa Busurungi.

Nairobi walijadili askari wa kuja Goma

Tuangalie sasa mwaka wa 2022. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana kuunda jeshi la kikanda. Vikundi vya silaha viliambiwa viweke silaha chini. Visipofanya hivyo, vitashurutishwa kwa nguvu. Tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka huo makubaliano ya kuingia kwa jeshi hilo yalitiwa sahihi Kinshasa kati ya serikali ya Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Katiba ya Kenya, kifungu cha 240, inasema jeshi haliwezi kupelekwa nje ya nchi kwa operesheni ya amani bila idhini ya bunge. Basi wabunge wa Kenya walipewa ripoti ya kamati yenye idadi ya askari, zaidi ya 900, na gharama ya miezi sita ya kwanza, zaidi ya shilingi bilioni 4 za Kenya. Wengine waliuliza feza zitatoka wapi wakati watu wa kaskazini mwa nchi yao wanakufa njaa kwa ukame. Tarehe 9 mwezi wa 11 waliidhinisha.

Hata huko mambo hayakuwa safi. Raisi William Ruto alikuwa ameshawapa askari bendera tarehe 2, wiki moja kabla ya kura. Bunge lililetewa safari iliyokwisha kuagwa. Hata hivyo, raia wa Kenya aliweza kusoma katika karatasi ya bunge lake kwamba askari kiasi fulani wanakwenda Goma kwa shilingi kiasi fulani. Mkaaji wa Goma, ambaye askari hao wangepita mbele ya mlango wake, alizijua hesabu hizo kwa kusikia habari za Nairobi.

Halafu likaja tatizo kubwa zaidi. Jeshi hilo lilitumwa kufanya nini hasa? Kwa watu wa Kivu na kwa serikali ya Kinshasa, lilikuja kupigana na M23. Kwa makamanda wake, lilikuja kukaa katikati na kusimamia waasi waondoke kwa hiari. Maneno yalikuwa yale yale, kila mmoja akiyasikia kwa sikio lake. Mwezi wa nne mwaka wa 2023 kamanda wake, jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliacha kazi. Mwezi wa tano Raisi Tshisekedi alilikosoa jeshi hilo hadharani. Mwezi wa 12 lilifunga mizigo na kuondoka, kwa sababu Kinshasa ilikataa kulirefushia muda. M23 walikuwa bado na silaha zao.

Baada yao wakaja askari wa SADC kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Katiba ya Afrika Kusini inamtaka raisi wao alijulishe bunge anapotuma jeshi. Cyril Ramaphosa aliandika barua: askari 2,900, gharama ya zaidi ya randi bilioni 2. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, askari 14 wa Afrika Kusini walikufa katika mapigano ya kuzunguka Sake na Goma. Kwa sababu barua ilikuwepo, wabunge wao walikuwa na kitu cha kushika mkononi walipomwita waziri wa ulinzi na kumuuliza juu ya ndege, silaha na chakula cha askari. Tarehe 13 mwezi wa tatu, SADC ilimaliza kazi ya jeshi hilo.

Kura inayorudiwa kila siku kumi na tano

Mtu asifikiri kwamba Bunge la Kongo halipigi kura juu ya mambo ya jeshi. Linapiga, na mara nyingi. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya état de siège: magavana ni wanajeshi au polisi, na mahakama za kijeshi zilipewa kesi za raia. Kifungu cha 144 cha Katiba kinasema hali hiyo inadumu siku 30, kisha inaweza kurefushwa kwa siku 15 kila mara, kwa idhini ya mabunge yote mawili. Kinasema pia kwamba mabunge yanaweza kuikomesha wakati wowote kwa sheria.

Waandishi wa Katiba waliweka siku 15 kwa sababu nzuri. Walitaka kila wiki mbili serikali irudi na kueleza: tumefanya nini, imebaki nini. Kilichotokea ni kwamba kurefusha kukawa desturi. Imefanyika makumi ya mara. Mwaka wa 2021, wabunge wa Ituri na Kivu ya Kaskazini walifika hadi kususia kura, wakisema watu wao wanaendelea kuuawa. Mwaka huo huo kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge iliwahoji mawaziri na ikatoa ripoti iliyokosoa maandalizi ya hatua hiyo. Ripoti ilisomwa, na kurefusha kukaendelea. Goma ilipoanguka, ilianguka ikiwa chini ya état de siège.

Hapo kuna somo kwa wale wanaosema kura ya Bunge inatosha. Kura inayopigwa kila baada ya siku 15 bila kudai hesabu inageuka kuwa kama sahihi ya zamu kazini. Mtu anatia, anaondoka.

Hesabu iliyolipwa kwa jina la Kisangani

Wakaaji wa Tshopo hawahitaji kufundishwa maana ya majeshi yanayokuja kusaka maadui zao kwenye ardhi ya wengine. Rwanda na Uganda, zote mbili, zilisema ziliingia Kongo mwaka wa 1998 kwa ajili ya usalama wa mipaka yao. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi hayo mawili yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, karibu 1,700 waliojeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilizoharibiwa. Wakati ule magharibi ya jimbo la sasa ilibanwa katikati: Bumba ilikuwa ya MLC ya Jean-Pierre Bemba, Kisangani ilikuwa ya RCD-Goma, na Ikela ilikuwa na askari wa Kinshasa waliozingirwa. Boti za mtoni zilisimama, chumvi na sabuni zikawa mali ya thamani.

Kongo ilikwenda mahakamani. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka wa 2005 Mahakama ya kimataifa ya La Haye ilisema Uganda ilivunja sheria. Tarehe 9 mwezi wa pili mwaka wa 2022 ilitaja kiasi: dola milioni 325, yaani 225 kwa watu waliokufa na kuumizwa, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Malipo yaligawanywa katika vipande vya dola milioni 65 kila mwaka, kwa miaka mitano kuanzia 2022. Mlipa kodi wa Kampala, ambaye labda alikuwa mtoto mwaka wa 1998, ndiye anayelipa leo.

Feza hizo zilipewa mfuko wake, FRIVAO, wenye makao makuu Kisangani. Na hata hapo kazi ya Bunge haikuisha. Mwezi wa sita mwaka wa 2025, Bunge la taifa liliruhusu waziri wa sheria, Constant Mutamba, ashtakiwe katika kesi ya karibu dola milioni 20 za mradi wa kujenga gereza Kisangani. Upande wa mashtaka ulisema feza hizo zilitoka katika fidia ya vita. Mutamba alikana. Tarehe 2 mwezi wa tisa, korti ya juu ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Kutoka uamuzi wa kutuma askari hadi mjane wa Makiso anayengoja fidia, kuna zaidi ya miaka ishirini na tano na feza nyingi zinazopita katika mikono mingi. Kila mkono unahitaji mtu wa kuuangalia.

Iraq: bunge lililokubali kwa haraka

Kosa la kukubali vita bila kuuliza vya kutosha si la Afrika peke yake. Mwezi wa kumi mwaka wa 2002, Raisi George W. Bush aliomba bunge la Marekani limruhusu kutumia jeshi ili kuupokonya utawala wa Saddam Hussein silaha za maangamizi. Tarehe 10 wabunge 296 walikubali na 133 walikataa. Usiku huo kuamkia tarehe 11, maseneta 77 walikubali na 23 walikataa. Uchaguzi ulikuwa karibu, na hakuna aliyetaka kuitwa mwoga. Huko Uingereza, tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka wa 2003, wabunge 412 walikubali na 149 walikataa.

Vita vilianza siku mbili baadaye. Saddam aliangushwa kwa wiki chache. Silaha za maangamizi zilitafutwa zaidi ya mwaka mmoja, na wachunguzi wa Marekani wenyewe wakasema mwaka wa 2004 kwamba hazikuwepo.

Lakini kuna jambo moja ambalo kura ile ilileta. Majina yaliandikwa. Miaka mingi baadaye, mgombea wa kiti cha uraisi Marekani aliulizwa: wewe siku ile ulipiga kura gani? Hillary Clinton aliulizwa hivyo, Joe Biden pia, kwa sababu wote wawili walikuwa maseneta na wote wawili walikubali. Kwetu, mikono inapoinuliwa kwa pamoja na kushushwa kwa pamoja, nani atakumbuka wa nani ulikuwa juu?

Maswali manne ya kumpelekea mbunge

Hakuna jambo hapa linalosema Kongo isijitetee. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kulinda nchi dhidi ya uvamizi kutoka nje ni haki na kazi takatifu ya kila Mkongomani. M23 na washirika wao wa AFC wanateua viongozi na kukusanya kodi katika miji ya Kongo. Serikali yoyote ingetaka kuwapokonya silaha. Bunge linaloliunga mkono jeshi katika hali hiyo linafanya kazi yake. Swali ni jinsi gani.

Mifano yote tuliyoitaja inaonyesha mambo manne ambayo mbunge anapaswa kuyajua kabla ya kuinua mkono. Adui ni nani kwa jina, na kazi itahesabiwa kuwa imekwisha lini? Jeshi la Afrika Mashariki lilikosa hilo. Muda ni kiasi gani, na nani atakuja kueleza muda ukiisha? État de siège ina muda kwenye karatasi, lakini maelezo yamekonda. Feza ni kiasi gani, na askari wa mstari wa mbele anapata ngapi kati ya hizo? Wabunge wa Nairobi walipewa tarakimu. Na raia walio karibu na mapigano watalindwaje adui akilipiza kisasi? Watu wa Busurungi walistahili jibu la swali hilo.

Mwananchi wa Yahuma ana njia za kuyafikisha. Kisheria hawezi kumwamuru mbunge: kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa zima, na amri ya kumfunga mikono haina nguvu. Lakini anaweza kumuuliza. Bunge linakaa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu hadi 15 mwezi wa sita, na kuanzia 15 mwezi wa tisa hadi 15 mwezi wa 12. Katikati ya vipindi hivyo wabunge wako likizoni, na ni desturi warudi walikochaguliwa, wasikilize watu na kuandika ripoti. Siku hizo, watu huomba bati za shule, pikipiki ya zahanati, daraja. Wana haki. Wanaweza kuongeza pia: mara ya mwisho mlipopiga kura juu ya jeshi, ulisema nini, na waziri alijibu nini?

Asiporudi, kuna kifungu cha 27. Kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia mamlaka barua ya madai, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Mbunge naye, kwa kifungu cha 138, anaweza kumwandikia waziri wa ulinzi swali, kumwita mbele ya Bunge, au kuomba tume ya uchunguzi. Haihitaji vita vitangazwe kwanza. Barua moja kutoka Yahuma, yenye sahihi za walimu, wakulima, wachungaji na akina mama wa sokoni, inayouliza maswali hayo manne, itagharimu karatasi, kalamu na nauli ya boti hadi Kisangani.